Kwadi jangwani Dubai na chakula cha usiku kambini: mwendo mzima kwa sie tunaotoka Unguja na Pemba

Kila nikirudi na mzigo naulizwa lile lile, dukani Darajani, kwenye shughuli za harusi, hata msibani watu wakishatulia: jangwani ulikwenda? zile kwadi, pikipiki za matairi manne, zinaendeshwaje, na mwanamke na baibui lake anaweza? Anaweza. Mie nna miaka hamsini na mbili na naendesha, na mama yangu mdogo wa Wete nlimpeleka akaendesha na yeye, kwa hiyo nimeona niandike yote pahala pamoja, maana watu wetu wanafika Dubai wanakaa siku nne Deira, mtaa wa maduka, wanahesabu maboksi, afu jioni ya mwisho wanajitupa kwenye safari ya jangwani hawajauliza hata suali moja, wanarudi wengine wameumia, wengine wamekasirika na pesa zao.

Kwanza muda. Novemba mpaka Machi ndo msimu wenyewe. Juni mpaka Septemba joto linapita nyuzi 40 na kwadi unaikalia injini juu yake, ule moto unakupanda mapajani, hufurahii kitu. Ukiwa huna budi kwenda kiangazi basi chagua safari inayoanza jioni jioni na unywe maji kabla ya kuona kiu. Na huo msimu mzuri nao una lake: Disemba na Januari jua likishazama baridi inashuka jangwani ghafla, sio kile kipupwe chetu, ni baridi ya kutaka sweta, na utakuwa umekaa chini kwenye zulia uwanjani masaa mawili unakula. Sweta litie kwenye mkoba hata kama mchana unatoka jasho. Ramadhani wanapokea watu pia lakini ngoma nyingi zinasimamishwa na kambi inakuwa tulivu, na kwangu mie hizo ndo jioni nzuri kuliko zote, unafuturu tende na kahawa mchangani.

Sasa kununua. Pale Deira utapewa vikaratasi kila kona, na kwenye karatasi pakeji zote zinafanana: gari inakuchukua hoteli saa nane na nusu au saa tisa, inakurusharusha kwenye matuta, unapanda ngamia, kwadi, hina, chakula, ngoma, saa tatu usiku umerudi. Neno la kulichunguza hapo ni hilo moja, kwadi. Safari yangu ya mwanzo nlilipa nikijua kwadi imo, na kweli ilikuwemo, lakini ilikuwa kiwanja tambarare kimezungushiwa kamba na matairi mabovu, unazunguka kama punda wa kinu, dakika kumi na tano kijana anapiga firimbi shuka mwenzio apande. Nilichokuwa nakitaka mie, kwenda nje kwenye matuta nikimfata kiongozi, nikaambiwa hicho cha kulipia tena, na bei yake ni ya pale pale hakuna kujadili kwa sababu mji uko mbali na gari sio yako. Kwa hiyo kabla hujatoa hata advansi uliza, na uandikiwe kwenye WhatsApp ubaki na ushahidi: dakika ngapi hasa juu ya kwadi? ndani ya uzio au nje na kiongozi mbele? kiongozi mmoja watu wangapi? helmeti na miwani wanatoa? injini ni cc ngapi? (250 inamtosha kabisa anaeanza, zile za 700 waachie waliozoea, zinaruka kabla hujajiweka sawa.) Na gari ni yenu peke yenu au mnachanganywa na watu wengine.

Kwenye malipo kumbuka dirham, pesa ya kule, imefungwa na dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.67 na ushei, siku zote, ukikuta mtu anakuhesabia 3.5 jua anakukata. Bima nayo, ile uliyokatiwa na viza au na tiketi isome, nyingi zinatoa nje kwadi kabisa, na ukivunjika mkono gharama za hospitali za kule si za mchezo. Waulize wenye safari nao bima yao inamlinda dereva wa kwadi au inalinda kwadi yenyewe tu.

Jangwa lenyewe liko wapi? Mara nyingi utapelekwa upande wa Lahbab, njia ya kwendea Hatta, mwendo wa kama saa moja kutoka Deira, huko mchanga ni mwekundu sababu ya chuma kilichomo ndani yake, jioni unawaka kama makaa. Kuna na hifadhi, Dubai Desert Conservation Reserve, kilomita za mraba 225, yenye choroa weupe na swala, ni nzuri kwelikweli lakini mule ndani kwadi haziruhusiwi, basi akitokea mtu anakuuzia kwadi ndani ya hifadhi muache aende zake.

Nguo sasa, na hapa dada zangu nisikilizeni vizuri. Baibui la kupepea na kwadi havipatani. Nilimuona kwa macho yangu dada mmoja tuliekuwa nae gari moja, mtandio wake mrefu ulikuwa umening'inia nyuma, akaanza kuondoka taratibu tu, tairi la nyuma likaudaka mwisho wa mtandio na kuuvuta, kichwa kikaenda nyuma, alhamdulillahi kiongozi alikuwa karibu akaruka akazima. Shingoni ulibaki mstari mwekundu. Ingekuwa spidi sijui tungesema nini leo. Kwa hiyo vaa suruali pana ya kitambaa kizito na kanzu fupi ya magotini, au baibui ulikunje ulifunge kiunoni na suruali chini, ushungi uwe ule wa kuvaa wa mpira, mfupi, usiwe na ncha, na kama ni mtandio basi ncha zote ziingie ndani ya nguo na pini juu yake. Kina kaka kanzu na nyie pia muache hoteli, na kile kilemba wanachokufunga pale kambini kwa picha kivueni kabla ya kupanda au kichomekeni chote ndani ya shati. Viatu vya kufunga, sio ndara. Mchanga unaingia kila pahala lakini bora uingie kwenye kiatu kuliko mguu mtupu ugonge chuma.

Kula kabla ya kutoka, kidogo. Usile biriani saa saba. Ile gari ikishafika ukingo wa jangwa dereva anatoa upepo kwenye tairi, tairi zinalala zinapanuka ndo zinatambaa juu ya mchanga badala ya kuzama, na kuanzia hapo ni kupanda na kuporomoka, tumbo linabaki juu wewe uko chini. Anaechafukwa na bahari akae mbele, aangalie mbali na sio kwenye simu. Na dereva anasikia ukimwambia shwaya shwaya, yaani polepole, ni haki yako, usione haya eti wenzio wanapiga kelele za furaha. Mwenye mimba, mwenye mgongo mbovu, mtoto mchanga, hao wasirushwe kabisa, uliza gari ipite njia ya kawaida mpaka kambini, wanayo.

Kwadi yenyewe. Kabla hujapanda ipige picha pande zote nne, mikwaruzo yote ionekane, hata ukionwa mshamba. Watu wamelipishwa mudguard iliyovunjika mwaka juzi.

Ukishakaa, resi iko kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, kikonyo kidogo unakisukuma, huzungushi mkono kama pikipiki. Nyingi hazina klachi, gia ni ya mbele na ya nyuma tu. Breki ziko mikononi. Kisukume kile kikonyo kama unabonyeza tunda kuona limeiva, usikikandamize. Mwambie kiongozi akuoneshe swichi nyekundu ya kuzima na uiguse mara tatu bila ya kuangalia mpaka kidole kiijue.

Halafu miguu, na hili nawaambia hasa watu wa vespa, maana Unguja nusu yetu tumekulia kwenye vespa. Kwenye vespa ukisimama au ukiyumba unateremsha mguu chini, mwili unafanya wenyewe bila kuuliza. Kwenye kwadi ukiteremsha mguu tairi la nyuma linakuja juu ya kisigino chako, linaupanda mguu wote. Kwadi haianguki ikisimama, ina miguu minne yake, ya kwako ibaki juu ya vikanyagio tangu unapanda mpaka injini imezimwa. Mama mdogo nlimfungulia kazi hii kabla hatujaondoka, nikamwambia akae juu ya kwadi imezimwa, nikawa naisukuma inayumba na yeye anaacha miguu juu, mara kumi, ndo nikamruhusu awashe. Na kona nayo si ya vespa, hailali yenyewe, inataka ugeuze usukani na wewe mwenyewe uinamie upande unaokwenda.

Ukipanda tuta inama mbele mpaka kifua kikaribie usukani, ukishuka rudi nyuma mikono inyooke, na usikate tuta kwa ubavu, ubavu ndo unaopindua watu. Panda moja kwa moja, shuka moja kwa moja. Ukiona resi haitoshi kufika juu usigeuze katikati ya mlima, simama, shika breki, muite kiongozi.

Sasa mchanga wenyewe. Sie tunajidai mchanga tunaujua, na ni kweli tunaujua lakini wa kwetu. Paje au Jambiani maji yakitoka ule mchanga uliobaki na majimaji ni mgumu, baiskeli inapita. Panda juu chini ya minazi, ule mkavu, baiskeli inazama. Jangwa zima ni ule wa chini ya minazi. Lakini sio wote sawa, tuta la mchanga lina uso na kisogo. Upande unaotoka upepo umeshindiliwa, unapanda taratibu na una vimistari vidogo kama mawimbi ya bahari shwari, huo ndo unaobeba. Upande wa pili mchanga unaporomoka wenyewe, ni laini na ni mkali sana, kutoka chini huupandi na kutoka juu huuoni. Kwa hiyo unapanda uso vizuri, raha, spidi imekolea, na juu kabisa ardhi inakatika mbele yako. Watu wengi wanaoumia wanaumia pale, wameruka ukingo hawajaona upande wa pili kuna nini, mara nyengine kuna shimo, mara nyengine kuna mwenzako amekwama. Ukikaribia juu punguza, simama sambamba na ukingo, chungulia, ndo ushuke. Hata kiongozi akiwa ameshapita. Hata wenzio nyuma wanapiga honi. Mie kama ningeambiwa nibakishe jambo moja tu katika maandishi haya yote ningebakisha hili la kuchungulia.

Na macho yanataka kivuli. Saa ya mwisho kabla jua halijazama kila tuta lina kivuli chake unaliona umbo lake lote, ndo wakati mzuri wa kuendesha. Jua likishazama vivuli vinaondoka, mchanga wote unakuwa rangi moja na shimo hulitafautishi na tambarare, hapo teremka hata kama una dakika zako tano zimebaki. Disemba Dubai jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, Juni ni saa moja na dakika kumi hivi, na saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja, geuza saa yako usije ukaachwa hoteli.

Ukikwama usitie resi, tairi linachimba kaburi lake. Zima, shuka upande wa juu wa mlima, ondoa mchanga nyuma ya matairi kwa mikono, afu gia ya nyuma polepole kwenye njia ile ile uliyojia. Na miti usiipitie juu, wala vichaka. Ile miti mikubwa ya ghafu unayoiona imejisimamia peke yake ndo mti wa taifa wao, mizizi imekwenda chini kabisa kutafuta maji, na kichaka kidogo unachokiona kimekauka ngamia wa mtu anakitegemea.

Watoto msiwape kwadi kubwa. Na mtindo wa baba na mtoto mbele yake kwenye kwadi ya kiti kimoja, tunaoufanya sana, mimi naukataa kabisa, mtoto anazuia usukani na mikono yake iko karibu na resi. Kama mnataka kukaa pamoja chukueni ile gari ndogo ya wazi yenye mabomba juu na mikanda, bagi, ghali zaidi lakini ina viti viwili vya haki. Na asiewahi kugusa kitu chochote cha injini aanzie nyumbani, Nungwi na Kendwa kuna wanaokodisha kwadi kwa watalii, nenda jioni moja ukazunguke mashambani, mkono uzoee kile kikonyo. Namba za kule ziwe kwenye simu: 999 polisi, 998 gari la wagonjwa.

Sala watu wananiuliza sana. Alasiri mara nyingi wakati wake huwa haujaingia gari ikija kukuchukua, kwa hiyo kama unachanganya kwa safari yako changanya na adhuhuri hoteli, sababu ukishaingia kwenye gari hakuna kusimama. Magharibi utaisali kambini, waulize tu, wana pahala na mikeka, vyoo na maji ya kutilia udhu vipo ingawa foleni inakuwa ndefu, mie hufika na udhu wangu na chupa ya maji. Kibla iangalie kwenye simu hoteli, kule katikati mtandao unakatika.

Kambini sasa, ndo pahala sie watu wa pwani tunajikuta. Unakaribishwa na tende na kahawa, kahawa yao nyepesi, ya manjano, na iliki nyingi, sio nyeusi kama ya barazani kwetu. Wanakumiminia kidogo kidogo, ukitosheka tikisa kikombe, usipotikisa wataendelea kukujazia. Mnakaa chini kwenye mito na mazulia kuzunguka jukwaa. Chagua meza mapema na usikae unapoelekea upepo wa makaa, na kama uko na familia hutaki kukaa karibu na shisha au na wanaokunywa bia, maana kambi nyengine wanauza, sema pale mlangoni kabla ya kukaa. Ngoma ziko za aina aina, kuna ile ya kucheza tumbo ambayo kina bibi wengine wanaikwepa, basi ndo wakati wao wa kwenda kupakwa hina, na kuna tanura, ya Kimisri, mwanamme anazunguka na sketi lake la rangi na taa dakika nyingi bila kusita. Hiyo msiikose. Picha na kipanga uliza bei kabla ya kumpokea mkononi.

Chakula ni bufee, foleni mbili mara nyingi, na kosa la wengi ni kujaza sahani kwa vitu vya mwanzo, hamasi na saladi na mikate, wakifika kwenye nyama hawana pahala. Zunguka kwanza mkono mtupu uone yote. Mishikaki ya kuku na kebabu zinatoka motoni kwa awamu, subiri awamu inayotoka sasa hivi, usichukue iliyolala kwenye sinia. Wali, biriani, mchuzi. Ukiona harisi chukua bila kufikiri, ni bokoboko lile lile, ngano na nyama vimepigwa mpaka vikawa kitu kimoja, juu samli. Mama mdogo alionja kijiko kimoja akaweka sahani chini, akasema hili la kwetu, hawajatia tu mdalasini wa kutosha. Halafu akaletewa luqaimat. Kaimati! Duara, moto, nje inavunjika ndani laini, tofauti yao wanamwagia asali ya tende badala ya kuitia kwenye shira. Alikula saba na akataka kwenda kumuona mpishi, tukaenda, mpishi Mhindi wa Kerala, wakaelewana kwa mikono, hamira kiasi gani, unga ulale muda gani. Jina lenyewe ni moja, limevuka bahari na majahazi, na kule jikoni nyuma ya kambi hawakuhitaji mkalimani.

Kwa wenye jamaa Oman, na Unguja na Pemba nani hana, ntasema kidogo. Jangwa la Sharqiya, zamani likiitwa Wahiba, liko zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat, unaingilia Bidiya, na huko inafaa kulala usiku kabisa kuliko kwenda na kurudi. Njiani unapita Ibra, simama unywe chai na usione ajabu mzee wa kanzu akikujibu kwa Kiswahili cha Mkunazini, watu wa huko ndo waliokwenda na kurudi Unguja kizazi baada ya kizazi. Kambi zake ni tulivu, ngoma chache, nyota nyingi, na rial yao moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo bei ikionekana ndogo ihesabu mara mbili kabla ya kukubali.

Mwisho wa chakula kambi nyingi zinazima taa dakika chache. Weka simu chini uangalie juu. Afu zikiwashwa kusanya vitu vyako pale pale, usingoje kuitwa, kila mtu anakimbilia gari kwa wakati mmoja na magari yote ni Land Cruiser nyeupe, namba ya gari yako iwe umeipiga picha mchana. Mkifika lami dereva anasimama kujaza upepo tena, kama dakika kumi, na hapo ndo pahala pa kukung'uta viatu, kuhesabu watu na kutia mkono mfukoni kuona kama simu na pasi zipo, maana kutoka hapo kurudi kambini bado ni karibu, ukishafika Deira hakuna wa kukurudisha.